Hati za Bahari Zisiishie Bandarini



Ilipotangazwa kwamba leo nitazungumzia sheria na hati za kusafirishia shehena za hatari baharini, ndugu mmoja aliniuliza kwa mzaha kama nimepotea njia. Mhadhara wa aina hiyo, alisema, ungefaa Kurasini au Tanga, kwa makuli na mabaharia, si hapa ambapo maji makubwa tuyajuayo ni ya bwawa. Watu wa pwani husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na huenda ndugu yule alidhani nimekuja kuligeuza bwawa la Songwa kuwa bahari. Sikupotea njia. Kutoka hapa hadi gati za Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja kwa barabara, lakini bahari imekwisha kuingia majumbani mwetu, na nitaanza kwa kueleza mahali nilipoikuta.

Katika safari zangu za kikazi niliwahi kuingia katika nyumba moja kwenye kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kijiji sitakitaja, kwa kuwa mwenye nyumba hakutenda kosa lolote. Uani palikuwa na pipa la chuma la rangi ya bluu iliyobabuka, limejaa maji ya kunywa na kupikia, na kata ikielea juu yake. Ubavuni mwa pipa, chini ya masizi, zilisalia picha mbili na maandishi machache. Picha ya kwanza ilikuwa fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Ya pili ilikuwa mti mkavu na samaki. Maandishi yalisema UN 1689. Nilimwuliza mama mwenye nyumba kama alijua pipa lile lilikuwa la nini. Akanijibu kwa utulivu: "Si unaona samaki, mwanangu? Lilikuwa la samaki. Nililisugua kwa majivu na mchanga mara tatu, hata harufu halina."

Samaki yule, ndugu zangu, ni samaki aliyekufa. Ni alama ambayo mataifa yamekubaliana kuibandika kwenye shehena inayoangamiza viumbe wa majini. Na 1689 ni namba ya Umoja wa Mataifa ya sodiamu sayanaidi, sumu ambayo wachenjuaji huitumia kuyeyushia dhahabu iliyobaki katika marudio. Kiasi chake kisichojaza kijiko cha chai chatosha kumuua mtu mzima. Namba ile na picha zile ziliandikwa kwa ajili ya baharia, kuli na mzimamoto wa bandarini. Wote hao walizisoma, wakazielewa, wakajihadhari, wakafika nyumbani salama. Kisha pipa likapanda lori kuja kwetu, na kadiri lilivyozidi kwenda bara ndivyo wasomaji wake walivyozidi kupungua, mpaka likafika kwa mama ambaye pipa hilo ni chombo chake cha maji, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kulisoma.

Hilo ndilo linalonileta hapa. Nataka kueleza hati za bahari ni nini, zinafanya kazi gani, na kwa nini ni kosa kubwa kuziacha zife pale kontena linapotoka getini.

Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa makubwa ya wakati ule yalikutana London na mwaka 1914 yakatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Sisi tulikuwa koloni la Wajerumani na hakuna aliyetuuliza neno. Mkataba huo ulibadilishwa mara kadhaa. Mwaka 1965 ikatoka Kanuni ya Kimataifa ya Shehena za Hatari Baharini, ambayo watu wa bandari huiita kwa herufi zake, IMDG. Kwa karibu miaka arobaini sehemu kubwa ya kanuni hiyo ilikuwa ushauri tu. Tangu Januari 1, 2004 ni sharti kwa nchi zote zilizo katika mkataba, na hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili.

Kanuni hiyo imezigawa hatari zote za dunia katika madaraja tisa. Daraja la kwanza ni vilipuzi, la pili ni gesi, la tatu ni vimiminika vinavyowaka kama petroli na dizeli, na hivyo hivyo hadi la tisa. Kila daraja lina lebo yake yenye umbo la mraba uliosimama kwa ncha. Ninyi majirani wa Mwadui hamna haja ya kuelezwa umbo la almasi. Sayanaidi imo katika daraja la 6.1, yaani sumu. Zebaki, ambayo wengi wenu mmeishika kwa mikono mitupu, ina namba 2809 nayo imo katika daraja la nane la vitu vinavyobabua, pamoja na hatari ya pili ya sumu. Amoniamu naitreti inayokwenda migodini kupasulia miamba ni namba 1942, daraja la 5.1, vitu vinavyouchochea moto wa wengine.

Sasa tufike kwenye hati yenyewe. Mtu anayetuma shehena ya namna hiyo hana budi kuandika tamko. Katika tamko huandikwa namba ya Umoja wa Mataifa, jina rasmi la kusafirishia, daraja, kundi la ufungaji linaloonyesha ukali wa hatari, idadi na aina ya vifurushi, na uzito. Jina la biashara halikubaliki peke yake. Huwezi kuandika "dawa ya dhahabu" ukaishia hapo. Mwishoni mtumaji hutia saini kwamba maelezo ni ya kweli na kwamba mzigo umefungwa ipasavyo. Aliyepanga mizigo ndani ya kontena naye hutia saini hati yake ya upakiaji, akithibitisha pamoja na mengine kwamba hakuweka pamoja vitu visivyopatana. Sayanaidi, kwa mfano, haipaswi kukaribiana na tindikali, kwa sababu zikikutana hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Kwa hati hizo nahodha hutengenezewa orodha na ramani ya mahali ilipo kila shehena ya hatari melini, ili moto ukizuka usiku wa manane asianze kubahatisha.

Najua wapo watakaosema huu ni urasimu. Mimi mwenyewe nimesimama katika foleni za mihuri ambayo hadi leo sijaijua faida yake, na siwezi kuwalaumu wanaochoka. Lakini tusichanganye karatasi ya kukusanyia ada na karatasi ya kumwambia mtu kilichomo ndani ya sanduku asiloweza kulifungua. Kontena limefungwa kwa lakiri. Nahodha halioni la ndani, dereva halioni, mzimamoto halioni. Wote wanaiamini saini ya mtu mmoja ambaye pengine hawatamwona maishani.

Nitoe mfano wa karibu. Mitambo ya kuchagulia almasi hutumia unga mzito wa ferosilikoni, ambao ukichanganywa na maji hufanya mawe mepesi yaelee na almasi izame. Ferosilikoni ya kazi hiyo huwa na silikoni ipatayo asilimia 15, na kwa kiwango hicho haimo katika orodha ya hatari niliyoitaja. Lakini iko ferosilikoni nyingine, ya viwanda vya chuma cha pua, ambayo silikoni yake hufika asilimia 75. Hiyo ina namba 1408, daraja la 4.3, kwa sababu ikilowa hutoa gesi zinazowaka na zenye sumu. Jina ni moja, rangi haitofautiani sana, na magunia yanafanana. Wakala wa forodha anayeandika "ferosilikoni" bila asilimia hajamwambia nahodha kitu. Tarakimu mbili katika karatasi ndizo zinazotenganisha safari ya kawaida na ngama iliyojaa gesi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hatari hutoka ng'ambo tu kuja kwetu. Sivyo. Fungueni kanuni hiyo kwenye namba 1365 mtakuta zao la Kishapu na Shinyanga nzima: pamba iliyolowa, daraja la 4.2, vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe. Fungueni namba 1386 mtakuta mashudu, yale yenye zaidi ya asilimia 1.5 ya mafuta na unyevu usiozidi asilimia 11. Hata pamba kavu imeandikwa, ingawa marobota yaliyoshindiliwa hadi kufikia kilo 360 kwa kila mita ya ujazo, yakisafirishwa ndani ya kontena lililofungwa, huondolewa masharti hayo.

Hapa niseme jambo ambalo halitawafurahisha baadhi yetu. Sote tunaijua tabia ya kunyunyizia pamba maji na kuitia mchanga ili izidi uzito kwenye mizani. Tumeikemea miaka mingi kwa hoja ya ubora na bei, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini liko jingine. Unyevu uliofungiwa katikati ya robota huamsha vijidudu, vijidudu huzaa joto, na joto likikosa pa kutokea hulimbikizana siku hadi siku. Mkulima aliyemwaga debe la maji usiku amekwisha kupokea fedha zake na kulala. Karani wa chama cha msingi naye amepokea. Mwenye kinu anayeshindilia marobota bila kupima unyevu, kisha akatia saini kwamba ni pamba kavu, ametia saini uongo, na gharama ya uongo huo italipwa na baharia wa Kifilipino au wa Kihindi aliyelala juu ya ngama.

Yaliyotokea Bombay mwaka 1944 ni kisa ambacho wenyeji wa eneo letu wangepaswa kukijua kuliko watu wengine wote. Meli ya Fort Stikine ilitoka Uingereza mwezi Februari ikiwa na tani zipatazo 1,400 za vilipuzi vya vita, pamoja na vipande 124 vya dhahabu. Ilipofika Karachi ikapakia maelfu ya marobota ya pamba. Tazameni orodha hiyo: baruti, dhahabu na pamba. Ni kana kwamba mtu alichukua mazao ya Shinyanga na Geita na vifaa vya kazi zake akavipanga ndani ya chombo kimoja. Pamba na vilipuzi viliwekwa pamoja katika ngama namba 2. Tarehe 14 Aprili, meli ikiwa gatini Bombay, moshi ulionekana ukitoka katika ngama hiyo. Wazimamoto walimwaga maji kwa saa kadhaa bila ya kuufikia moto wenyewe, na saa kumi alasiri ilipopita kidogo meli ikapasuka. Bandari iliteketea, meli nyingine zikaharibika, mamia kwa mamia ya watu wakafa. Wapo wanaohesabu zaidi ya elfu moja. Vipande vya dhahabu viliruka angani, na kimoja kilitoboa paa la nyumba iliyokuwa mbali na bandari. Miaka ile ilikuwa ya vita na mambo mengi yaliruhusiwa kwa kisingizio cha haraka. Mpango wa kutenganisha shehena ninaousimulia leo umeandikwa kwa maafa ya namna hiyo.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 16, 1947, ilikuwa zamu ya Texas City huko Marekani. Meli ya Grandcamp ilikuwa na tani zipatazo 2,300 za amoniamu naitreti katika magunia yaliyoandikwa kuwa ni mbolea. Moto ulipoanza, nahodha alifunga milango ya ngama na kupuliza mvuke ili maji yasiiharibu shehena. Kwa shehena nyingi ule ungekuwa uamuzi wa busara. Kwa ile ulikuwa kifo cha watu karibu 600.

Najua pia hoja ya upande wa pili, tena ni hoja nzito: je, karatasi zenyewe zinatosha? Hazitoshi, na ushahidi ni Beirut. Shehena iliyolipuka pale Agosti 4, 2020 ilikuwa tani 2,750 za amoniamu naitreti, na ilikuwa njiani kuja upande wetu wa Afrika. Meli ya Rhosus iliipakia Batumi, Georgia, mwaka 2013 kuipeleka Beira kwa kiwanda cha vilipuzi cha Msumbiji. Ilipita Beirut, ikazuiwa kwa ubovu na madeni, wenyewe wakaitelekeza, na shehena ikahamishiwa ghalani. Kwa miaka sita karatasi hazikukosekana. Maofisa wa forodha waliandika barua mara kadhaa, mahakama zilipokea, wakubwa waliarifiwa. Namba ilijulikana na daraja lilijulikana. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kwa jina lake na cheo chake angesema: mzigo huu ni wangu kuuondoa, na nisipouondoa mnishitaki mimi. Watu zaidi ya 200 walikufa kwa kukosekana mtu huyo. Magunia yale yangefika salama, yangeshushwa Beira, bandari ya jirani zetu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kwenda Beirut kujifunza juu ya orodha zisizosema kweli. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mpaka leo hesabu ya waliokufa hutajwa kwa kukadiria. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua watu 228, ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Na mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, Taifa zima lilianza kuuliza swali ambalo mabaharia huuliza kila siku: karatasi inasema nini, na ndani mna nini? Tulibishana juu ya thamani ya kilichokuwemo. Natamani tubishane kwa nguvu ile ile juu ya hatari.

Sheria tunazo. Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963. Sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 iko mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtu haruhusiwi kuingiza wala kuuza kemikali hizo bila usajili na kibali. Usalama wa meli Tanzania Bara unasimamiwa na TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Mwaka 2020 tuliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki. Migodi mikubwa, lazima tuseme kweli, huifuata shehena yake mpaka ghalani, kwa kuwa ina wakaguzi, ina bima, na inaogopa jina baya.

Tatizo ni pipa linaloacha msafara huo. Mfanyabiashara hulinunua kwa kilo hamsini au mia, akalifungua, akapima kwa kilo moja moja ndani ya mifuko ya plastiki ya kawaida, akamwuzia mchenjuaji mdogo ambaye naye humkabidhi kijana wa kazi. Kanuni ya bahari inataka maandishi ya kwenye pipa yaendelee kusomeka hata likikaa miezi mitatu ndani ya maji ya chumvi. Miezi mitatu, ndugu zangu! Watu waliofikiria mpaka meli izame na pipa lielee hadi ufuko wa nchi ya mbali, ili atakayeliokota ajue ameokota nini. Sisi maandishi hayo tunayapoteza kwa dakika tano, kwa kisu na mfuko wa plastiki.

Kanuni hiyo hiyo husema pipa tupu ambalo halijasafishwa kitaalamu lihesabiwe kuwa ni la hatari kama lilipokuwa limejaa. Bandarini jambo hilo linajulikana. Gulioni, pipa tupu ni bidhaa.

Napendekeza basi mambo ambayo si ya gharama kubwa. Kila shehena ya sayanaidi, zebaki au vilipuzi inayotoka bandarini, au inayoshushwa Bandari Kavu ya Isaka kwa matumizi ya humu nchini, iambatane na karatasi moja ya Kiswahili inayosema jina la kitu, hatari yake, kisichopatana nacho, la kufanya kikimwagika, na jina la mtu anayewajibika nacho. Kanuni ya IMDG hutolewa kwa Kiingereza na lugha nyingine chache za dunia; Kiswahili hakimo, na hakuna atakayekiweka isipokuwa sisi. Karatasi hiyo ikabidhiwe kwa saini kila pipa linapobadili mikono, na atakayelifungua kuligawa bila kibali ahesabiwe kama mtu aliyegawa baruti. Muuzaji alazimike kurudisha mapipa matupu kwa idadi ile ile aliyoyapokea, kabla hajapewa kibali kingine. Kwa upande wa pamba, kipimo cha unyevu kiwepo kwenye kila kinu, na namba yake iandikwe kwenye hati ya robota, chini yake jina la aliyepima.

Huko Kyrgyzstan, nchi isiyo na bahari, Mei 20, 1998 lori lililokuwa likipeleka sayanaidi mgodini lilitumbukia katika mto Barskoon na kumwaga kilo zipatazo 1,760. Watu wa vijiji vya chini walipata habari baada ya saa kadhaa, wakati wamekwisha kutumia maji. Kuna wakati mtu wa chini ya mto hahitaji kujua kemia. Anahitaji mtu anayejua kilichomo ndani ya lori, na namba ya simu ya kupiga.

Nirudi kwa yule mama. Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi, kwa ufupi na kwa woga, maana ni vigumu kumwambia mtu kwamba maji anayowanywesha wajukuu yamo ndani ya chombo cha sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakubisha. Aliita kijana mmoja, wakaliinamisha pipa, na maji yakatiririka uani yakapotea ardhini. Halafu akaniuliza pipa jipya ni shilingi ngapi, na nani atakayemlipa, kwa sababu lile alilinunua kwa fedha zake kutoka kwa mtu anayeyauza hadharani kila siku ya gulio. Sikuwa na jibu, Ndugu Mwenyekiti, na ndiyo maana nimelileta swali lake mbele ya mkutano huu.